Nimeitwa kupimwa na mashine ya urongo kabla ya kuajiriwa, naomba ushauri

BintiMkoani:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Mkoani, Pemba, kwa sasa nakaa mjini Unguja kwa khalati yangu. Nimeomba kazi ya kuhesabu fedha katika kampuni moja ya ulinzi. Usaili wa mara mbili nimepita, alhamdulillah. Juzi nikaletewa ujumbe kwamba Jumatano, saa tatu za asubuhi, nifike kwa kipimo cha poligrafu, pamoja na fomu ya ridhaa ya kusaini. Mpimaji anatoka nje na maswali yatakuwa kwa Kiingereza.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Miaka mitatu nyuma nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki. Siku moja droo ya pesa ikapungua laki mbili na arubaini elfu. Wenye ufunguo tulikuwa watatu, na ile droo yenyewe kitasa chake kilikuwa kibovu, ukiinyanyua kidogo upande wa kushoto inafunguka bila ya ufunguo. Hayo hakuna aliyetaka kuyasikia. Nikasainishwa karatasi kuwa nakubali kulipa, nikakatwa mshahara miezi minne. Wallahi sikuiba hata shilingi.

Tangu siku ile, nikisikia neno wizi tu moyo unanienda mbio na viganja vinarowa. Khalati ana kipimo chake cha presha nyumbani. Jana nilijipima nimetulia, ikasoma 118 kwa 74. Akaniambia nibaki hivyo hivyo, kisha akaniuliza, "Zile pesa za hoteli zilikwenda wapi, mwanangu?" Ikasoma 139 kwa 88. Na yeye ananiamini! Je, mashine ya mgeni itanisomaje? Niiseme habari ya hoteli au ninyamaze? Au niiwache kazi yenyewe?

MtotoWaMichenzani:
Dada usihofu. Ukiulizwa maswali mepesi jibane vidole vya miguu ndani ya kiatu au jiume ulimi, ukiulizwa ya wizi pumua taratibu. Mashine inachanganyikiwa.

Nahodha_Mstaafu:
Kijana, usimpoteze mwenzako. Mimi nilipimwa mwaka 2019 Johannesburg nilipoomba kazi ya ghala. Kiti nilichokalia kilikuwa na mto unaohisi ukijikaza hata paja. Mpimaji akikukamata unafanya hivyo, basi hata kama huna kosa umeshajitia doa.

BintiMkoani, nikueleze nilivyoona mimi. Mazungumzo ya mwanzo yalikuwa marefu kuliko mashine yenyewe, zaidi ya saa nzima. Mpimaji alinisomea maswali yote kabla hajanifunga waya wowote, na hakuna swali lililonijia kwa ghafla. Kisha nikafungwa mipira miwili, mmoja kifuani na mmoja tumboni, ya kupima pumzi, mkanda wa presha mkononi, na vibati viwili vidoleni vya kupima jasho. Majibu ni ndiyo au hapana tu. Maswali yale yale yalirudiwa mara tatu, na kati yake tukapumzika kwa sababu ule mkanda ukikaa sana mkono unakufa ganzi.

Sasa sikiliza hapa. Mashine haina sindano ya urongo. Inaandika pumzi, presha na jasho, basi. Mpimaji anatia maswali ya kulinganishia, mfano "Umewahi kumdanganya mtu aliyekuamini?", ambayo karibu kila mtu yanamtikisa, kisha anatazama lipi limekutikisa zaidi, hilo au la wizi. Wanachukulia kwamba asiye na kosa atatikiswa na lile la kulinganishia. Kwako wewe lenye jeraha ndilo hilo hilo la wizi, ndiyo maana hofu yako si ya bure.

Kwa hiyo habari ya hoteli iseme mapema, katika yale mazungumzo ya mwanzo, yote, na karatasi uliyosaini na kitasa kibovu. Halafu muombe swali aliseme hivi: "Ukiacha tukio tulilozungumza, umewahi kuchukua pesa ya mwajiri?" Mimi nilikuwa na jambo langu la zamani, nikalisema, na swali langu likabadilishwa namna hiyo hiyo. Nilipokuja kuulizwa nilikuwa nimeshautua mzigo.

Mkwezi:
Mimi nasema asiseme. Mwajiri akisikia "laki mbili zilipotea" atasikia hilo tu.

BiAjira:
Mkwezi, nimefanya kazi ya utumishi mahotelini miaka mingi, na kwa hili sikubaliani na wewe. Karatasi aliyosaini ipo. Mwajiri mpya akipiga simu kule, ataisikia hadithi kutoka kwa waliomkata mshahara. Bora aisikie kwake.

Mdogo wangu, kabla ya kusaini fomu ya ridhaa waandikie, kwa adabu, uwaulize nani atapewa ripoti, itawekwa muda gani, na kama kipimo peke yake ndicho kitakachoamua. Omba nakala ya fomu. Na hilo la Kiingereza usilinyamazie. Kati ya kuiba, kuchukua na kukopa kuna tofauti kubwa, na hutaki kuwa unatafsiri kichwani huku umefungwa mipira. Omba maswali kwa Kiswahili. Ukiona wanakujibu kwa ubabe, nenda Kamisheni ya Kazi uulize kabla hujatia saini.

MwalimuMkongwe:
Bibi yangu wa Wete akitusimulia kiapo cha mkate. Kimepotea kitu, watuhumiwa wanapewa tonge la mkate mkavu uliosomewa, na yule linayemkwama kooni ndiye mwizi. Mwenye hofu mate humkauka, hiyo ni kweli. Lakini bibi alikuwa akiongeza, "Na yatima asiye na mtetezi naye lilimkwama."

Hii poligrafu ni mjukuu wa mkate ule. John Larson wa polisi ya Berkeley, Marekani, aliitengeneza yake mwaka 1921. Miaka miwili tu baadaye mahakama ya Washington ilikataa ushahidi wa kipimo cha presha cha namna hiyo. Mwaka 1988 Marekani wenyewe wakapitisha sheria ya kuwakataza waajiri wengi wa binafsi kuwapima waombaji kazi, ingawa makampuni ya ulinzi yakaachiwa kwa masharti. Na mwaka 2003 Baraza la Taifa la Utafiti la kwao likatoa ripoti kwamba kwa kuchuja wafanyakazi usahihi wake hautoshi. Aldrich Ames wa CIA alikuwa akiwauzia Wasovieti siri, na akapimwa mwaka 1986 na 1991 akapita. Alikuja kukamatwa 1994.

Nakuambia haya, mwanangu, ili siku wakikwambia "umeshindwa" usije ukarudi nyumbani ukajiuliza kama kweli uliiba.

Nesi_Chake:
Nyongeza fupi. Usimeze kidonge cha presha cha khalati ili utulie. Dawa ya mtu mwengine inaweza kukushusha ukaanguka. Kama una dawa zako usiziwache, na mwambie mpimaji unazotumia. Lala mapema, usiende na njaa, kahawa ipunguze.

BintiMkoani:
Mwalimu, hiyo sentensi yako ya mwisho nimeisoma mara nyingi na nimelia. Nimeshawaandikia kama alivyonielekeza Bi Ajira. Wamejibu kwamba kutakuwa na mkalimani, na kwamba ripoti inakwenda kwa meneja wa utumishi peke yake. Kuhusu kipimo kuamua peke yake hawakujibu.

BintiMkoani:
Nimerudi, ni Alkhamisi. Jana nilipimwa. Mkono ulikufa ganzi kweli, Nahodha, na moyo ulinienda mbio, sikuuzuia. Majibu wiki ijayo.

Nilimueleza habari ya hoteli yote mwanzoni, na swali akalibadilisha. Alikuwa akiandika muda wote, mara akaweka kalamu chini akamwambia mkalimani aniulize ile droo ilikuwa mbovu tangu lini, na nani mwengine aliyejua. Nikamwambia tangu kabla sijaajiriwa, na tulijua sote, mpaka mpishi. Hilo swali, pale hotelini, kwa miezi minne ya kukatwa mshahara, hakuna aliyeniuliza.