Mteremko wa kushushia boti Malagarasi, upande wa Ilagala: zege kiasi gani?

Mwalo_Ilagala

Habari wadau. Kikundi chetu cha wavuvi kimepewa na serikali ya kijiji eneo kando ya mto Malagarasi, juu kidogo ya kijiji cha Ilagala, Kigoma. Tunataka mteremko wa zege: boti ya faiba ya mita 6, injini ya hp 40, ishuke kwa trela, na mitumbwi ya mbao ivutwe hapo hapo. Ukingo ni udongo mwekundu, kama mita 3 kutoka maji ya kiangazi. Tumefikiria kumwaga zege kutoka juu mpaka maji yanapoanzia. Mwinamo uweje, na saruji mifuko mingapi?

Fundi_Mawe

Mkuu, zege likiishia maji yanapoanzia, tairi za trela zitakaa kwenye tope siku ya kwanza tu. Saruji iache kwanza, tafuta namba mbili: maji ya chini kabisa na maji ya juu kabisa. Ya chini utayapata Oktoba, kabla mvua hazijakolea. Ya juu usiyapime Januari. Malagarasi hupita kwenye mabwawa ya Moyowosi, na mabwawa yale huyashika maji na kuyaachia taratibu, kwa hiyo mto hujaa kuelekea Aprili na Mei. Ziwa Tanganyika, mto unakoishia, nalo liko juu miezi hiyo hiyo na linauzuia mto usishuke. Tazama miti ya ukingoni: majani makavu na vijiti vilivyonasa matawini ndiyo alama ya mafuriko. Pigilia msumari hapo, upime kwenda chini.

Tuseme tofauti ni mita 2. Ongeza mita 1 chini ya maji ya chini na nusu mita juu ya maji ya juu, jumla 3.5. Kwa trela mwinamo ni asilimia 12 hadi 15, yaani kushuka mita 12 hadi 15 kwa kila mita 100. Ukishika 14, urefu ni mita 25. Upana mita 4 unatosha gari moja. Chini ya 12 gari litaingia majini lenyewe ndipo boti ielee, zaidi ya 15 tairi zinateleza kwenye zege lililolowa maji.

Sehemu iliyo chini ya maji, kama mita 7, usimwage zege pale pale. Mkondo utaosha saruji na kukuachia kokoto tupu. Fyatueni vibao nchi kavu: urefu mita 2, upana sentimita 30, unene 15, vyenye nondo ndani. Kimoja kina kilo 216 hivi, watu wanane kwa miti wanakibeba. Pangeni viwili viwili kwa upana, mkiacha nafasi ya sentimita 5 kati ya mstari na mstari: mistari 20, vibao 40. Viungeni kwa waya wa chuma usiopata kutu, uliopita kwenye matundu mliyoacha wakati wa kufyatua. Anzeni Agosti ili vikae siku 28 vikimwagiliwa, Oktoba vitandikwe.

Mita 18 za juu mwageni pale pale, unene sentimita 15, wavu wa chuma (BRC) katikati, juu ya kokoto zilizoshindiliwa sentimita 15. Kwa mchanganyo wa 1:1½:3 (saruji, mchanga, kokoto), mita ya ujazo moja hula mifuko 8. Vibao ni mita za ujazo 3.6, sakafu 10.8, jumla 14.4, yaani mifuko 115. Nunueni 120. Juu msisawazishe kwa mwiko. Zege likiwa bado bichi, chora mifereji ya sentimita 2.5 iliyolala mshazari, maji na tope vitirikie pembeni.

Nahodha_Mto

Hesabu ni sawa, ila mahali ndiko watu hukosea. Upande wa nje wa kona mto unamega ukingo. Upande wa ndani unashusha mchanga, na mwaka mmoja unatosha kuuzika mteremko. Tafuteni palipo sawa. Chomeni nondo ya mm 12 kwa mkono chini ya maji: ikizama zaidi ya nusu mita bila kugonga kitu, ni tope, hameni.

Mteremko uelekezeni mshazari, kule mto unakokwenda. Ukitazama mto unakotoka, magogo na mafunjo yote yanayoelea yatapumzika kwenu.

Na tafadhali, kagueni njia za viboko. Ukingo uliochimbika kama mfereji, una kinyesi, hutumika kila usiku, msijenge hapo. Matumbo ya samaki yasitupwe mtoni, yanaita mamba. Wanaochota maji wawekewe mahali pao, palipozungushiwa miti.

Mwalo_Ilagala

Ahsanteni sana. Mwisho wa vibao chini ya maji unahitaji kitu? Na zege halitakula mitumbwi?

Fundi_Mawe

Mwisho ndipo mteremko hufia. Nahodha akipandisha boti kwenye trela kwa nguvu ya injini, panga la injini (pangaboi) linachimba shimo pale pale. Tairi zikivuka ukingo wa zege zinadumbukia, ekseli inakwama. Tandikeni jiotekstaili (kitambaa kigumu kinachopitisha maji na kuzuia udongo), juu yake mawe ya sentimita 30 hadi 40, mita 2 mbele ya kibao cha mwisho na pande zote mbili. Kisha sheria moja: injini izimwe, boti ivutwe kwa winchi.

Zege litakula mkuku, na kalafati (pamba inayoziba mianya ya mbao) itaachia. Acheni mita 3 za mchanga pembeni, mtandike magogo ya kuviringisha.

Mama_Mazingira

Kabla ya jembe la kwanza: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Barua ya kijiji peke yake haitoshi. Nendeni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, Kigoma mjini, pamoja na NEMC (baraza la taifa la mazingira), mkiwa na mchoro unaoonyesha alama mbili za maji alizosema Fundi. Choo na mahali pa kuwekea petroli viwe nje ya mita hizo.