Vitamutamu vya Japani: ni vya nini, na vipi vya kuepuka?

Mwana Kibokoni:
Assalaam aleikum ndugu zangu. Shemeji yangu amerudi kutoka masomoni Osaka na sanduku la vitamutamu, na jana jioni tulilifungua barazani kwa kahawa chungu. Kimoja kilikuwa kitonge cheupe kilichopakwa unga mkavu. Nilipokikata, kisu kilinata, na ndani mlikuwa na kitu chekundu cha kuiva ambacho nilidhani ni tende. Mama alionja, akasema ni maharagwe, akakirudisha sahanini. Naomba mnieleze ni nini hiki, na sisi tunaochunga halali tuepuke vipi, maana maandishi yote ni ya Kijapani.

Mpishi wa Majengo:
Waaleikum salaam. Hiyo ni daifuku, na mama hakukosea. Ganda lake ni mochi, yaani mchele wa kunata ambao kwa desturi hupikwa kwa mvuke, kisha hutwangwa kinuni kwa nyundo kubwa ya mti mpaka punje zipotee kabisa. Ndani ni anko: azuki, maharagwe madogo mekundu yaliyo jamaa wa karibu wa pojo, yaliyochemshwa na kupondwa kwa sukari. Mpe tena pamoja na kahawa, kwani Wajapani nao huvila vitu hivi kwa matcha, chai ya kijani iliyo chungu, kama sisi tunavyokula halua. Ila mkatie vipande vidogo sana, na atafune taratibu, kwa sababu kila mwaka mpya wapo wazee wa Japani wanaosakamwa na mochi kooni wakafa.

Baharia Mstaafu:
Kuhusu halali, tazama alama hizi nyuma ya pakiti: 豚 ni nguruwe, 酒 ni pombe, na ゼラチン ni jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe. Yokan, ule mkate wa anko ulioganda, kwa kawaida hugandishwa kwa kanten itokayo kwenye mwani, wala si kwa jelatini. Senbei, biskuti kavu za mchele, zichunguzeni pia, kwa kuwa mchuzi wa soya unaopakwa juu huweza kuwa umetiwa mirin, ambayo ni pombe ya mchele.

Mpishi wa Majengo:
Nimesahau jambo ninalolipenda mno. Ikiwa mna kipande cha manjano chenye mgongo wa kahawia, hiyo ni kasutera: mayai, sukari na unga, bila siagi, karibu sawa na mkate wetu wa mayai. Asili yake ni Wareno waliofika Japani mwaka 1543, na ikakita mizizi Nagasaki. Ni Wareno hao hao walioanza kujenga Ngome ya Yesu hapa kwetu mwaka 1593.

Mwana Kibokoni:
Shukrani sana. Pakiti moja ya peremende ina ゼラチン, nimeiweka kando. Kasutera ilikuwamo, na mama amekula vipande viwili, kisha akauliza mayai mangapi hutiwa.