Naomba ushauri: kupanda Elephant Hill kwa siku moja, kundi la watu 22

Mratibu_Vijana: Wanajukwaa, nawasalimu. Ninaratibu safari ya siku moja ya vijana wa kanisa letu, kutoka Nairobi hadi Elephant Hill katika milima ya Nyandarua (Aberdare), tukiingilia kituo cha misitu cha Njabini. Basi tumekwisha kulilipia malipo ya awali na tarehe imetangazwa, lakini sipati usingizi. Je, tukianza kupanda saa tatu asubuhi tutarudi kabla ya giza, na ni lazima tumlipe askari wa misitu atusindikize?

Nyayo: Saa tatu mtakuwa mmechelewa. Anzeni saa moja, na mkubaliane mapema kwamba ifikapo saa saba mchana kila mtu anageuka, hata kama kilele kinaonekana, kwa sababu kundi kubwa hutembea kwa mwendo wa aliye nyuma kabisa. Askari msimwache: ndovu na nyati wamo, na ndani ya mianzi huoni mbele. Mianzi ikiisha, ukungu nao hushuka ghafla na kuficha njia.

Mzee_wa_Kinangop: Mimi ningependa vijana wako wajue wanakanyaga wapi. Sisi wa huku tunakumbuka makaa yakishushwa usiku na mierezi ikipasuliwa mbao. Uzio wa umeme wa karibu kilomita 400 ulipokamilika mwaka 2009, msitu ulianza kupata nafuu, nasi tukapanda miche mahali palipobaki peupe. Kwa hiyo msikwepe tope kwa kufungua njia ya mkato, kwani mvua ikinyesha njia hiyo hugeuka mfereji, na udongo huteremka kwenye mito inayojaza mabwawa kama Sasumua, ambayo maji yake mnayanywa huko Nairobi.

Mama_Kendi: Kaka, umejibiwa kuhusu saa na kuhusu miti, lakini hujasema kinachokunyima usingizi. Njia hiyo watu huipanda mara kwa mara. Ni nani katika kundi unayemhofia?

Mratibu_Vijana: Ni mdogo wangu wa kike, anayekuja kutoka Kisumu usiku wa kuamkia safari. Ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Sikutaka kuanza na jambo hilo kwa sababu amechoka kuamuliwa na watu, nami nimekwisha mwahidi. Alipanda milima ya Ngong bila shida yoyote, atavaa nguo nzito, atakunywa maji, na nitatembea naye mwenyewe.

Mama_Kendi: Mahali mtakapoanzia kutembea ni juu kuliko kilele cha Ngong, chenye mita 2,460. Elephant Hill inakaribia mita 3,600, naye anatoka Kisumu, kwenye mita 1,100 na kidogo. Hewa nyepesi, baridi, upungufu wa maji mwilini na uchovu: kila kimoja peke yake chaweza kuamsha maumivu ya ugonjwa huo, na huko vitamkuta vyote kwa pamoja, mahali ambapo kumfikisha barabarani ni kumbeba kwa saa kadhaa. Ninalea mtoto mwenye hali hiyo, kwa hiyo nakusihi: amwone daktari wa kliniki yake kabla hujapanga lolote zaidi.

Shahidi_wa_Pili: Naona hadithi hii imetungwa. Mtu aliyekwisha kulipia basi angekuwa amepiga simu kituo cha misitu, na huko angeambiwa habari za askari.

Mratibu_Vijana: Sijatunga neno. Sikupiga simu kwa sababu niliogopa wangeniuliza kuhusu afya za watu wangu, nami nisingeweza kuwadanganya.

Nyayo: Basi piga leo. Kundi liende Njabini, na mdogo wako mtengee siku yake huko Karura, hapo Nairobi, kwenye takriban mita 1,700: kuna maporomoko, mapango na kivuli cha kutosha. Ni msitu ambao mwanamazingira Wangari Maathai alipigwa mwaka 1999 akiutetea, kwa hiyo asije akahisi amepewa makombo.

Mratibu_Vijana: Nimezungumza naye. Amekasirika kwamba nimeyaandika haya, lakini amekubali kumuuliza daktari kwanza. Jibu likiwa hapana, atakwenda Karura, nami nitabaki naye, na mwenzangu ataongoza kundi pamoja na askari. Nyayo, tuingilie lango gani tuyafikie maporomoko bila kupanda sana?