Mtandao unanihamisha mji bila ridhaa yangu, tatizo nini?

Kibatari:
Wakuu, naomba kueleweshwa. Nikifungua tovuti ya hali ya hewa napewa mvua ya mji ambao ni mwendo wa kutwa kutoka niliko. Matangazo nayo yananikaribisha kwenye maduka ya huko. Nikizima Wi-Fi nikatumia data ya simu, nahamia mji wa tatu kabisa. Juzi nikaletewa barua pepe ya onyo kwamba kuna mtu kaingia kwenye akaunti yangu akiwa huko, na huyo mtu ni mimi! GPS nimezima, vidakuzi (cookies, alama ambazo tovuti huacha kwenye kivinjari) nimefuta, wapi. Huo mji wanautoa wapi? Na kama wananikosa kiasi hiki, si ina maana hawanijui?

Fundi Waya:
Kibatari, GPS umeionea bure. Tovuti isiyokuomba ruhusa ya mahali haiioni GPS yako, inaona anwani ya IP tu, yaani namba ya kukutambulisha mtandaoni, na hiyo haina mji ndani yake. Mafungu ya namba hizi hutoka IANA, mgawaji mkuu wa dunia, yakaenda kwa masajili matano ya kanda (AFRINIC, RIPE NCC na wenzao), yakashuka hadi kwa kampuni inayokuuzia intaneti. Kwenye daftari la msajili anaandikwa aliyepewa fungu, na mara nyingi anwani iliyopo ni ya makao yake makuu. Wewe humo haumo.

Sasa kuna kampuni kama MaxMind na IP2Location, kazi yao ni kukisia. Wanasoma madaftari hayo, wanachungulia majina ya rauta (mashine zinazopokezana data njiani), wengine wanapima muda wa pakiti, kifurushi kidogo cha data, kwenda na kurudi. Kipimo hicho kina ukomo wake: ndani ya nyuzi za kioo mwanga hukata takriban kilomita 200 kwa milisekunde, kwa hiyo ukikosea milisekunde moja ya kwenda na kurudi umeshapotea kilomita 100. Halafu nyaya zenyewe hazijanyooka. Makisio hayo ndiyo yanauzwa kwa tovuti yako ya mvua. Nchi huwa wanapatia, mji ni kubahatisha.

Huo mji wa tatu ni mambo ya kampuni za simu. Anwani za IPv4, toleo la zamani la IP, ni bilioni 4.3 hivi, hazitutoshi, kwa hiyo kampuni inawarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mwaka 2012 lilitengwa hata fungu maalumu la kazi hiyo, 100.64.0.0/10. Ombi lako linatokea kwenye lango la kampuni, na lango linaweza kuwa popote.

Sina Makuu:
Weka VPN, ile programu ya kupitishia mtandao wako nchi nyingine, yaishe. Mimi asubuhi niko Uswisi, jioni Japani 😂

Nyota ya Jaha:
Mnacheka, kuna familia ilikoma. Tangu 2002 MaxMind wakijua tu kwamba anwani iko Marekani, basi wanaiweka katikati ya nchi. Namba za ramani wakazirahisisha zikawa nyuzi 38 kaskazini, 97 magharibi, na hapo pana shamba la watu, karibu na Potwin, Kansas. Anwani zaidi ya milioni 600 zikaangukia uani kwao. Wakapigiwa hodi na polisi, FBI, na watu waliokuja kudai vitu vyao vilivyoibwa. Habari ilipofichuka 2016, kampuni ikahamishia nukta ziwani. Samaki hawapigiwi hodi.

Fundi Waya:
Ndiyo maana sipendi ile ramani yenye pini. Makisio yangechorwa kama duara la kilomita 50, nani angetuma askari?

Swali lako la pili, Kibatari: hapana, wanakujua. Anayekufuatilia hahitaji mji. Kivinjari chako kina fonti zake, ukubwa wa skrini, saa za eneo, lugha, toleo. EFF, shirika la Marekani la kutetea haki za watumiaji wa mtandao, walipima mwaka 2010 wakakuta asilimia 83.6 ya vivinjari walivyovipima havina pacha. Ukifuta vidakuzi, sura hiyo inabaki. Na Sina Makuu naye, huyo wa Japani jioni ndiye yuleyule wa Uswisi asubuhi, hasa akiingia kwenye barua pepe ileile.

Kibatari:
Kumbe! Basi nifanyeje? Na lile onyo la akaunti nilipuuze?

Fundi Waya:
Usilipuuze. Angalia saa na aina ya kifaa, mji uache. Kama kifaa si chako au saa hiyo ulikuwa umelala, badilisha nywila. Mvua, andika mji wako mwenyewe kwenye tovuti. Kanzidata kadhaa za wale wakisiaji zina fomu ya kusahihisha, ila kampuni yako ya intaneti ikigawa upya mafungu yake utarudi palepale. Hao wa kampuni yako wakitaka wanaweza kutangaza faili la mafungu na miji yake, mpangilio wake uko kwenye RFC 8805 (waraka wa kiufundi wa intaneti) ya 2020. Waandikie, ingawa sijui kama dawati la huduma kwa wateja watakuelewa.

Sina Makuu:
Watamwambia azime modemu aiwashe.