Familia ya Masoko: Chumba cha Shangazi Melini

Lusajo, Jumanne, saa 1:10 asubuhi
Shikamooni wazee, na habari za asubuhi kwa wengine. Kama nilivyodokeza Jumapili, Shangazi Subilaga ameamua kununua chumba katika meli ya makazi, yaani meli ambayo watu hawapandi kwa matembezi ya wiki moja, bali wanahamia na masanduku yao na kuishi humo huku ikizunguka dunia. Chumba kisicho na dirisha ameuziwa kwa dola 100,000, ambazo kwa fedha yetu ni zaidi ya shilingi milioni 200, na akiba yake haifikii. Anaomba kiwanja chake cha Uyole kiuzwe. Mnunuzi nimeshampata. Kila mmoja athibitishe kabla ya saa 6 mchana, kwa sababu kampuni imempa hadi mwisho wa mwezi.

Lusajo, saa 6:05 mchana
Naona watu 19 wameusoma ujumbe na hakuna aliyejibu.

Shemeji Daudi, saa 6:20 mchana
Mimi ni mkwe tu humu ndani, sina kura. Nauliza tu kwamba siku tutakapokwenda kumpongeza, mbuzi tutamfunga wapi, kwenye nanga?

Mama Neema, saa 6:22 mchana
Mbuzi aachwe. Apelekewe mchele wa Kyela, maana mchele wa huko hauna harufu.

Atupele, saa 6:23 mchana
Na ndizi zibebwe zikiwa mbichi kabisa, kwa sababu bahari haina Tukuyu ya kushuka kuongeza nyingine.

Lusajo, saa 6:31 mchana
Kumbe simu zinafanya kazi. Naomba turudi kwenye hoja.

Gwakisa, saa 2:40 usiku
Samahani, ndiyo kwanza natoka bandarini. Kaka Lusajo, neno "kununua" hapa linahitaji uangalifu, kwa sababu anayenunua chumba cha melini hapati ardhi wala hati kama mwenye fleti Dar es Salaam. Ile meli inayoitwa The World, iliyoanza kazi mwaka 2002 ikiwa na makazi 165, inamilikiwa na wakazi wenyewe kwa pamoja, nao ndio wanaoamua iende wapi. Lakini hiyo ni ya matajiri hasa. Hizi za bei nafuu huuza haki ya kukitumia chumba kwa muda ambao meli itaendelea kufanya kazi, na meli hubaki mali ya kampuni, kwa hiyo ikichakaa, haki yako inachakaa nayo.

Villa Vie Odyssey, meli iliyoundwa mwaka 1993, ilitarajiwa kuondoka Belfast mwishoni mwa Mei 2024. Usukani ukahitaji matengenezo, na wateja wakasubiri hadi mwisho wa Septemba. Hao angalau waliondoka. Mwaka 2023 kampuni nyingine ilikuwa imeuza safari ya miaka mitatu ya kuanzia Istanbul, ikashindwa kuipata meli iliyoikusudia, na mwezi Novemba safari ikafutwa wakati baadhi ya wateja walikwisha kupangisha nyumba zao. Shangazi atume mkataba niusome, hasa kipengele cha kampuni kufilisika na kile cha warithi.

Tumpale, saa 3:05 usiku
Na ada ya kila mwezi je? Aliniambia inazidi dola 2,000, alipe akiwa mzima au mgonjwa, meli iwe inatembea au imetia nanga.

Lingine, Kaka Lusajo: kwa nini unakiita kiwanja, ilhali pale kuna nyumba iliyoishia kwenye linta? Nilipita mwezi uliopita nikitoka Iringa. Nondo zimeota kutu, na katika chumba kilichokusudiwa kuwa jiko umeota mpapai uliokwisha kuupita ukuta.

Lusajo, saa 3:09 usiku
Suala hilo lilifungwa mwaka 2012, na risiti nilizikabidhi.

Tumpale, saa 3:10 usiku
Ulizokabidhi zilikuwa za mchanga. Tuliuliza za saruji.

Shemeji Daudi, saa 3:14 usiku
Kama mpapai umekaa muda wote huo, nao ni mkazi, upewe notisi.

Bupe, Jumatano, saa 12:50 asubuhi
Haya ni maneno ya Baba Mkubwa Ambakisye, nayaandika kama alivyoyasema.

"Nimesomewa yote. Mimi nilifanya kazi Itungi, katika MV Songea. Ilipopandishwa chelezoni tulikuwa tunagonga kutu kwa nyundo tangu asubuhi mpaka kope zinakuwa nyekundu, tunapaka rangi, na ikirudi tena kutu iko pale pale. Meli ikitembea inakula, ikisimama inakula zaidi, na anayeilisha ni aliyemo. Kwa hiyo Gwakisa namwelewa.

Lakini siku mume wa Subilaga alipozikwa kule Leicester, Uingereza, mdogo wangu alisimama kaburini na wauguzi wenzake wanne, sisi tukatuma ujumbe. Tangu Pasaka waliompigia simu ni watu wawili, na mmoja wao alikuwa anaomba ada ya shule. Anayetaka kumkataza meli aseme kwanza amemwandalia chumba gani hapa. Kiwanja cha Uyole kiko kwa jina langu. Sitatia saini kiuzwe, wala simkatazi safari yake, mpaka nyumba ile izungumzwe na yeye mwenyewe akiwa anasikia."

Lusajo, saa 5:35 asubuhi
Shikamoo Baba Mkubwa. Tumesikia. Basi kikao kiwe Jumamosi saa 8 mchana hapo nyumbani Masoko, na Shangazi tutamuunganisha kwa simu. Mnunuzi nitamwomba asubiri, ingawa ameshaonyeshwa kiwanja kingine Iwambi na sina hakika kwamba atasubiri. Nani atathibitisha kufika?

Mama Neema, saa 5:50 asubuhi
Jumamosi tunavuna viazi. Nitajitahidi.

Gwakisa, saa 7:15 mchana
Nitashiriki kwa simu. Mkataba bado sijauona.

Shangazi Subilaga, saa 4:20 usiku
Ahsante, Kaka. Nilichokwisha kulipa ni fedha ya kushikia nafasi tu, na wanasema inarudishwa. Mkataba una kurasa 61, nitampigia picha Gwakisa mwisho wa juma. Najua kwamba meli huzeeka, na mimi pia nazeeka, ila kule daktari yuko ghorofa ya chini na mezani kuna mtu wa kula naye. Jumamosi nitakuwepo kwenye simu. Tumpale, huo mpapai unazaa, au ni dume?

Tumpale, saa 4:21 usiku
Unazaa, Shangazi.

Lusajo, Alhamisi, saa 1:00 asubuhi
Mpaka sasa waliothibitisha kufika Masoko kwa miguu yao ni mimi peke yangu.

Baba Mdogo Asajile, saa 1:40 asubuhi
Habari za siku nyingi. Nilikuwa Matema, mtandao ulikuwa wa shida. Nimeona ujumbe wako wa Jumanne, Lusajo, na mimi nakubaliana na hoja moja kwa moja.

Lusajo, saa 1:41 asubuhi
Hoja ipi, Baba Mdogo?