Kwa nini jentamaisini hudungwa mara moja kwa siku, ilhali penisilini hurudiwa kila baada ya saa 6?

Muuguzi Mtarajiwa

Shikamooni wakubwa zangu. Nipo mwaka wa pili wa masomo ya uuguzi, na kwa sasa niko mazoezini katika wodi ya watoto. Mtoto mwenye nimonia kali aliandikiwa penisilini ya kristali, uniti 50,000 kwa kila kilo ya uzito kila baada ya saa 6, pamoja na jentamaisini miligramu 7.5 kwa kila kilo, mara moja tu kwa siku. Kwa nini dawa mbili za ugonjwa mmoja zipishane kiasi hicho? Swali limenikaa zaidi kwa sababu ya shemeji yangu, dereva wa daladala, ambaye ameandikiwa amoksilini ya miligramu 500 mara tatu kwa siku, naye humeza kapsuli zote tatu alfajiri kabla ya kuingia barabarani, akidai kwamba zikifika tumboni hesabu ni ile ile.

Mfamasia wa Zamu ya Usiku

Marahaba. Hesabu ya shemeji yako si ile ile, na nitakuonyesha kwa tarakimu. Kila bakteria ana kiwango cha chini cha dawa kinachotosha kumzuia asizaliane, tukiite 1. Kwa jamii ya penisilini, amoksilini ikiwemo, dawa ikishazidi kiwango hicho mara nne au tano, kuiongeza hakuharakishi kifo cha bakteria, bali kinachohesabika ni saa ambazo dawa imekaa juu ya kiwango hicho, nazo zinapaswa kufika karibu nusu ya siku. Figo huitoa amoksilini upesi, kiasi kwamba kila baada ya saa moja hivi kilichomo katika damu hubaki nusu.

Tuseme kapsuli moja hufikisha 16. Itashuka hadi 8, 4, 2, kisha 1, yaani saa 4 za kazi. Kapsuli tatu zikiachana zitampa saa 12. Akizimeza kwa pamoja ataanzia 48, lakini kabla ya saa 6 kwisha atakuwa ameshuka chini ya 1, na bakteria waliosalia watazaliana hadi alfajiri inayofuata.

Jentamaisini ina tabia nyingine kabisa. Kadiri kilele chake, yaani kiwango cha juu kabisa kinachofikiwa katika damu, kinavyopanda, ndivyo inavyoua wengi na kwa haraka, na hulengwa kilele kinachozidi kiwango cha kuzuia mara 8 hadi 10. Hata ikishashuka, bakteria walionusurika hubaki wameduwaa kwa saa kadhaa kabla ya kuanza tena kuzaliana. Kuidunga mara moja kunasaidia pia figo na masikio, kwa kuwa seli za viungo hivyo hujaa mapema na haziwezi kufyonza zaidi hata kilele kikiwa juu sana. Kinachoziumiza ni dawa kukaa katika damu muda mrefu bila kushuka. Ndiyo maana mgonjwa mwenye figo dhaifu huongezewa muda kati ya sindano na sindano.

Mteknolojia wa Maabara

Nakubaliana na Mfamasia, ila mwanafunzi asidhani kwamba kilele katika damu ni kilele kila mahali. Ndani ya jipu, penye usaha wenye asidi na hewa haba, jentamaisini hufanya kazi vibaya hata dozi iwe sahihi, na pengine kisu cha daktari hutangulia sindano.

Kuhusu penisilini, mwaka 1948 mtafiti Mmarekani Harry Eagle alionyesha maabara kwamba baadhi ya bakteria walikufa polepole zaidi penisilini ilipozidishwa mno. Tazama pia kaswende: sindano moja ya benzathini penisilini (penisilini inayoachiliwa polepole mwilini), uniti milioni 2.4, huacha dawa kidogo sana katika damu kwa wiki kadhaa, nayo inatosha, kwa sababu kimelea chake huzuiwa na kiasi kidogo mno na huchukua zaidi ya siku nzima kugawanyika mara moja.

Muuguzi Mtarajiwa

Nashukuruni sana. Je, shemeji akisahau kapsuli ya mchana, ameze mbili usiku?

Mfamasia wa Zamu ya Usiku

Hapana. Ameze moja mara akumbukapo, na ikiwa muda wa inayofuata umekaribia, aiache iliyopita. Na umwambie kwamba “mara tatu” si chai, chakula cha mchana na chakula cha jioni, maana hapo usiku hubaki mtupu. Ni saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku.

Muuguzi Mtarajiwa

Ya saa 8 itamkuta kwenye foleni ya stendi. Nitamwomba konda wake amkumbushe.