Tupeane uzoefu: kitu gani kimekusaidia usiwe unaumwaumwa kila mara?

Wadau habari zenu, naanza mimi. Miaka miwili nilikua shifti ya usiku, narudi asubuhi nalala masaa manne hivi naamka kuhangaika na mengine, na kila mwezi lazima mafua yanikamate, yakiisha linakuja koo, koo likipoa kikohozi. Nikawa nanunua vidonge vya vitamini C kopo baada ya kopo nikiamini ndo kinga yenyewe. Hamna kitu. Kilichonitoa ni usingizi tu. Nilitundika shuka zito dirishani, simu nikaihamishia sebuleni, nikawaambia watu wa nyumbani kabla ya saa tisa mchana msinigongee mlango. Sahivi napiga masaa saba na mwaka huu nimeumwa mafua mara moja. Baadae nikakutana na utafiti wa Marekani wa 2015, watu 164 waliwekewa kirusi cha mafua puani makusudi, wale wa chini ya masaa sita walikua na uwezekano wa kuugua kama mara nne ya waliolala zaidi ya saba. Nikajiona mimi mule mule. Haya leteni ya kwenu.

MDAU WA 2
Kwangu ni mikono. Nina watoto wawili, akiugua mmoja nyumba nzima inalala chini. Kuwaambia kanaweni haikutosha, wanachovya vidole wanakimbia. Nikaanza kuwachora nukta ya kalamu mgongoni mwa mkono na nyingine kati ya vidole, nikasema sugueni na sabuni mpaka zififie. Inafika zile sekunde 20 bila kuhesabu. Yule mdogo siku hizi ananiletea mikono niikague hata sijamwita.

MDAU WA 3
Niliacha sigara baada ya miaka 11. Moshi unalemaza vile vinyweleo vya kwenye njia ya hewa vinavyosukuma makohozi na vijidudu vitoke, ndo maana kila kifua kilikua changu. Wiki za kwanza nikakohoa zaidi ya mwanzo, nikaogopa sana nusura nirudie, daktari akaniambia vumilia, kifua kinajisafisha. Kweli kikatulia.

MDAU WA 4
Mimi ni nesi, naomba niweke sawa jambo. Kinga sio kitu cha kupandisha tu, ikikosea shabaha inashambulia mwili wenyewe, baridi yabisi inatokea hapo, au inapigana na vitu visivyo na madhara kama vumbi, ndo mzio huo. Vitamini C kwa watu wengi haizuii mafua, ukiitumia kila siku inapunguza muda wa kuumwa kidogo tu. Na jamani antibayotiki haiui virusi, acheni kumeza zilizobaki za mwenzio! Chanjo ndo inaifundisha kinga kumjua adui kabla hajafika, na hata sisi watu wazima tunazo zetu. Ila kama homa haikatiki au unapungua uzito bila sababu, usikae hapa kusoma uzoefu, nenda kapime.

MDAU WA 5
Mazoezi, natembea nusu saa siku tano kwa wiki, basi. Ila hilo la usingizi limenigusa, nina mtoto wa miezi minne, masaa saba nitayatoa wapi mie?

MDAU WA 4
Pole mama. Lala akilala yeye, hata vipande vipande, vyombo vitasubiri. Na baba yake ashike zamu moja ya usiku.

MDAU WA 5
Nimempa simu asome mwenyewe. Leo zamu ya saa tisa usiku ni yake.